Upasuaji wa saratani ya umio: mkoani au tusafiri?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61. Mwaka jana ugali ulianza kumkwama, sasa anameza uji na supu tu. Hospitali ya mkoa, huku kusini-magharibi mwa Tanzania, walimpitisha mpira wenye kamera wakachukua kinyama. Majibu yanasema ni saratani ya seli bapa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, sentimita 32 kutoka kwenye meno. CT-Scan haikuonyesha kitu kwenye ini wala mapafu. Daktari wa upasuaji wa hapa tunamwamini, alimpasua mama ngiri akapona vizuri, na anasema hii pia anaiweza. Ndugu wengine wanataka tumpeleke Dar es Salaam, ambako hatuna mtu wa kufikia. Je, hospitali kubwa ina tofauti ya kweli au ni jina tu? Na tukienda, tuulize nini?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Ikiwa mzee atapasuliwa kuondolewa umio, safirini. Tofauti ipo, imepimwa katika nchi nyingi kwa zaidi ya miaka 20, na inahesabika kwa maisha ya watu. Ila msitafute hospitali kubwa. Tafuteni hospitali inayoufanya upasuaji huu mara kwa mara. Jengo la ghorofa lenye mamia ya vitanda linaloondoa umio mara mbili kwa mwaka halimwongezei mzee usalama wowote.

Sababu inaanzia kwenye upasuaji wenyewe. Kwa uvimbe ulioko sentimita 32, njia inayotumika sana ni kufungua tumbo kwanza, kisha kifua upande wa kulia, siku hiyo hiyo. Tumboni, mfuko wa chakula huachanishwa na mishipa yake mingi ya damu, ukabakizwa mshipa mkuu mmoja unaopita kwenye ukingo wake. Halafu mfuko huo hukatwa na kushonwa uwe bomba lenye upana wa sentimita 4 hadi 5, likavutwa hadi kifuani na kuunganishwa na kipande cha umio kilichobaki juu. Wakati wa kazi ya kifuani, pafu la kulia hulazwa ili mpasuaji apate nafasi, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi lazima awe hodari wa kuweka mpira wa njia mbili na kumpumulisha mgonjwa kwa pafu moja. Tezi za limfu zinazozunguka umio hutolewa pia. Hospitali inayofanya kazi yake vizuri hupeleka maabara tezi zisizopungua 15. Kazi nzima huchukua saa 5 hadi 8.

Ncha ya juu ya lile bomba ndiyo iliyo mbali zaidi na mshipa unaolilisha damu, na mshono wa kuunganisha uko hapo hapo. Yaani sehemu yenye damu haba kuliko zote ndiyo inayotakiwa kupona upesi kuliko zote. Mshono wa utumbo ukivuja tumboni ni hatari. Huu ukivuja, mate na chakula vinaingia kifuani kando ya moyo na mapafu.

Mwaka 2002 John Birkmeyer na wenzake walichapisha uchambuzi wa upasuaji wapatao milioni 2.5 waliofanyiwa wazee wa Marekani wenye bima ya Medicare kati ya 1994 na 1999. Hospitali zilizoondoa umio chini ya mara 2 kwa mwaka zilipoteza asilimia 20.3 ya wagonjwa, ama wakiwa wodini ama ndani ya siku 30. Zilizofanya zaidi ya mara 19 kwa mwaka zilipoteza asilimia 8.4. Kwa kuondoa sehemu ya kongosho, asilimia 16.3 dhidi ya 3.8. Lakini kwa kusafisha mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo, tofauti ilikuwa 1.7 dhidi ya 1.5, karibu hakuna. Kwa hiyo uzito wa uzoefu hutegemea upasuaji gani. Ngiri ya mama haikuhitaji safari. Saratani ya titi nyingi haihitaji safari ya kupasuliwa pia, ilimradi maabara na mionzi vipatikane. Utumbo mpana ulioziba ghafla upasuliwe palipo karibu, maana kumbeba mgonjwa huyo kilomita mia kadhaa ni kumuua njiani. Zinazostahili kukusanywa kwenye hospitali chache ni za umio, kongosho, ini, mapafu, puru na uvimbe mkubwa wa misuli na mifupa.

Wengi wakisikia hivi hudhani siri iko kwenye mkono wa mpasuaji. Mkono una sehemu yake, tena kubwa. Lakini tazama hospitali 24 zenye uzoefu mkubwa katika nchi 14, ambazo matokeo yao yalichapishwa pamoja mwaka 2019. Kati ya wagonjwa 2,704 walioondolewa umio, asilimia 59 walipata angalau tatizo moja baada ya upasuaji. Mshono ulivuja kwa asilimia 11.4, na asilimia 14.6 walipata nimonia. Hao ndio mabingwa, na bado zaidi ya nusu ya wagonjwa wao walipata matatizo. Ila waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa asilimia 4.5 tu.

Amir Ghaferi na wenzake wa Michigan walilionyesha jambo hilo waziwazi mwaka 2009. Walilinganisha hospitali za Marekani zenye vifo vingi baada ya upasuaji na zile zenye vifo vichache, wakakuta matatizo yenyewe yanakaribiana: asilimia 24.6 na 26.9. Kilichotofautiana sana ni yaliyofuata. Kwa wagonjwa waliopata tatizo kubwa, hospitali za kundi la kwanza zilipoteza asilimia 21.4, za kundi la pili 12.5. Hospitali nzuri haizuii kila balaa. Inaliona mapema na kulitibu kabla halijaua.

Fikiria mshono ukivuja siku ya tano. Hauji na kelele. Mapigo ya moyo yanapanda kutoka 85 hadi 110, au yanaanza kwenda bila mpangilio. Mgonjwa anapumua haraka kidogo na anasema hajisikii vizuri. Joto huenda likawa la kawaida. Kipimo cha damu cha CRP, kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi, ambacho kingekuwa kinashuka, kinabaki juu ya 150. Muuguzi ambaye amewalaza wagonjwa wengi wa umio atampigia daktari saa nane usiku kwa sababu ya mapigo hayo tu. Asiyewazoea ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana maumivu, atampa dawa ya kutuliza, na asubuhi kifua kitakuwa kimejaa usaha. Baada ya ile simu kunatakiwa mtu wa kupiga CT-Scan ya kifua usiku huo huo, mtu wa kupitisha kamera aone mshono, antibayotiki zinazoanza ndani ya saa moja, mpira wa kutoa maji kifuani unaokaa mahali pake, kitanda cha ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, chenye mashine ya kupumulia iliyo wazi, damu ya kundi lake, na mpasuaji anayejua lini kurudi thieta na lini kungoja. Kiungo kimoja kikikosekana, vile vingine havina kazi.

Kuna matatizo mengine ambayo macho yaliyozoea huyatambua upesi. Maji ya mpira wa kifua yakigeuka meupe kama maziwa mara mgonjwa anapoanza kulishwa, mshipa mkuu wa limfu umekatwa. Kwanza hulishwa chakula kisicho na mafuta ya kawaida. Yakiendelea kutoka zaidi ya lita moja kwa siku, mara nyingi hurudishwa thieta ukafungwa. Sauti ikikauka na mgonjwa akakohoa kila akinywa maji, neva ya sauti imeguswa, na akilazimishwa kunywa atavuta maji mapafuni.

Kwetu hali hii ina uzito zaidi. Utafiti wa matokeo ya upasuaji Afrika, ulioongozwa na Bruce Biccard wa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Wengi walikuwa vijana, na hatari yao ya awali ilikuwa ndogo kuliko ya wagonjwa wa kwingine. Hata hivyo asilimia 2.1 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, na zaidi ya tisa ya kumi ya vifo hivyo vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Wagonjwa walitoka thieta wakiwa hai, wakapotea wodini. Watafiti hao baadaye walijaribu kuongeza tu ufuatiliaji wa wagonjwa wenye hatari kubwa wodini, katika nchi 28. Matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha kupungua kwa vifo. Mimi naona ni kwa sababu ile ile: kuliona tatizo hakutoshi kama kitanda, mtu na kifaa cha kulitibu havipo.

Sasa daktari wenu. Anaposema anaiweza, huenda anasema kweli kuhusu kukata na kushona. Mwulizeni kwa heshima maswali mawili. Amefanya ngapi katika miezi 12 iliyopita, akiwa mpasuaji mkuu? Na usiku wa siku ya tano, kati ya yale niliyoyataja hapo juu, hospitali yake ina yapi? Daktari muungwana hatakasirika. Wengi wao watafarijika kwamba mmeuliza.

Akiwaambia amefanya watatu na wote walipona, msishangilie bado. Chukulia hatari ya kweli mahali hapo ni kifo kimoja kwa kila watano. Uwezekano wa watatu wa kwanza kupona wote ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 51. Ni nusu kwa nusu. Hata kumi bila kifo kunaruhusu hatari inayofika karibu asilimia 26. Idadi ndogo haiwezi kumtetea daktari wala kumhukumu. Ndiyo maana nchi zilizoshughulikia jambo hili ziliamua kuhesabu wingi wa upasuaji, kwa kuwa ndicho kipimo kinachoonekana kabla mgonjwa hajalala mezani.

Na hazikuhesabu kwa hiari. Uholanzi, tangu miaka ya 1990, madaktari walihimizana kupeleka wagonjwa wa kongosho kwenye hospitali chache, na kwa miaka kumi hivi karibu hakuna kilichobadilika. Mambo yalisogea yalipowekwa masharti ya idadi. Kwa umio, hospitali iliyo chini ya 10 kwa mwaka ilizuiwa kuanzia 2006, na kiwango kikapandishwa hadi 20 mwaka 2011. Vifo vya hospitalini baada ya upasuaji wa kichwa cha kongosho vilishuka kutoka asilimia 9.8 mwaka 2004 hadi 5.1 mwaka 2009. Denmark ilipunguza hospitali zinazoondoa saratani ya mfuko wa chakula kutoka 37 hadi 5 mwaka 2003. Vifo vya siku 30 vikatoka asilimia 8.2 hadi 2.4. Ujerumani ilikuwa na sharti la 10 kwa umio kwa miaka mingi na tangu 2023 inadai 26.

Hospitali zetu nyingi hazifiki idadi hizo, na sitaki uzitumie kama rungu. Kwetu mimi naangalia kwanza kama upasuaji wa umio unafanyika angalau mara moja kila mwezi, na wapasuaji wawili waliofundishwa kazi hiyo wakisimama pamoja. Wala si lazima iwe mji mkuu. Hospitali ya Tenwek, huko Bomet nchini Kenya, iko vijijini katika eneo lenye saratani nyingi ya umio, na imejulikana kwa upasuaji na utafiti wa ugonjwa huu kwa sababu wagonjwa wa aina hiyo wamekuwa wakipelekwa hapo miaka nenda miaka rudi. Kwenu ngazi ya rufaa hupitia Mbeya kabla ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ulizeni kote kuwili, na msidhani anayefuata juu ndiye anayefanya zaidi.

Kabla ya lolote kati ya hayo, kuna swali lililotangulia: je, mzee anafaa kupasuliwa? Hili kwangu ndilo faida kubwa zaidi ya safari. Katika ukanda wetu, kuanzia Malawi hadi Ethiopia, wagonjwa wengi wa umio hufika wakati upasuaji hauwezi tena kuwaponya. Hospitali yenye uzoefu mdogo ina hatari mbili hapo. Huweza kumfungua mtu asiyepaswa kufunguliwa, au kumrudisha nyumbani mtu ambaye angepona. Uamuzi unatakiwa utolewe na jopo la saratani: mpasuaji, daktari wa mionzi na dawa za saratani, msomaji wa picha, mtaalamu wa maabara ya vinyama, wote wakitazama picha zile zile siku moja. CT-Scan safi ya ini na mapafu ni habari njema, lakini jopo litataka kujua zaidi: tezi za shingoni na za karibu na mfuko wa chakula zikoje, uvimbe umegusa mshipa mkuu wa moyo au njia ya hewa, pumzi yake inafika wapi, moyo unafanyaje kazi.

Na hata akifaa, huenda hatapasuliwa kwanza. Jaribio la Uholanzi liitwalo CROSS, lililochapishwa mwaka 2012, liliwapa nusu ya wagonjwa mionzi na dawa kabla ya upasuaji: grei (kipimo cha mionzi) 41.4 katika vipindi 23, vipindi vitano kwa wiki, pamoja na karboplatini na paklitakseli mara moja kwa wiki kwa wiki 5. Nusu ya wagonjwa waliotibiwa hivyo waliishi miezi 49 na zaidi. Kwa waliopasuliwa tu ilikuwa miezi 24. Waliofaidika zaidi ni wenye saratani ya seli bapa kama ya mzee. Karibu nusu yao, umio uliotolewa haukuwa tena na seli ya saratani iliyo hai. Kwa hiyo mpasuaji atakayewaambia mwende thieta wiki ijayo bila kutaja mionzi, mwulizeni sababu. Inaweza kuwepo ya maana, kama vile mionzi kutopatikana kwa muda unaofaa, lakini isemwe. Pia kwa aina hii ya saratani, mionzi na dawa kwa kipimo cha juu bila upasuaji ni tiba halali ya kuponya kwa mgonjwa ambaye mwili wake hautahimili kufunguliwa kifua.

Ratiba hii inabadilisha hesabu yenu ya gharama. Tibamionzi itawaweka mjini wiki 5 hivi, kwa mfano Ocean Road ya Dar es Salaam au Bugando ya Mwanza. Baada ya hapo kuna mapumziko kabla ya upasuaji, wiki 4 hadi 6 katika jaribio lenyewe, na sasa hospitali nyingi husubiri 6 hadi 8. Wakati huo mzee anaweza kurudi nyumbani. Pangeni safari mbili zenye mtu mmoja wa kumuuguza, badala ya ukoo mzima kukaa Dar es Salaam miezi minne. Kabla ya kusafiri, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali yenu iulizwe kuhusu malazi ya wagonjwa na msamaha wa gharama, na bima ithibitishe kwa maandishi inachobeba. Familia nyingi huishiwa fedha katikati ya mionzi, na mionzi iliyokatizwa hupoteza sehemu ya nguvu yake.

Yapo mambo mawili yanayoweza kuharibu nafasi ya mzee kabla hajafika. La kwanza ni stenti ya chuma, yaani kibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya umio ili njia ibaki wazi. Mtu asiyemeza anatia huruma, na stenti humrudishia kumeza siku ile ile, lakini kwa mgonjwa anayeweza bado kuponywa huongeza hatari ya kutoboka na huvuruga mionzi na upasuaji unaofuata. Stenti isubiri uamuzi wa jopo. Jopo likiamua kwamba kuponya hakuwezekani, hapo ndipo stenti inakuwa tiba bora, inawekwa kwa kamera bila kufungua mwili, na mzee anakula na watu wake. La pili ni mrija wa kulishia unaotobolewa kwenye mfuko wa chakula. Mfuko huo ndio utakaogeuzwa umio mpya. Ukitobolewa ovyo, mshipa unaoulisha unaweza kukatwa na mpasuaji akakosa cha kuvuta kifuani. Kama analishwa kwa mrija, uwe mwembamba unaopita puani, au uwekwe kwenye utumbo mwembamba.

Maana lazima alishwe. Mpimeni uzito kesho. Ikiwa amepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake wa kawaida, mfano kutoka kilo 65 hadi chini ya 58.5, upasuaji ukifanyika hivyo kidonda na mshono havitapona vizuri. Uji wake uwe na maziwa, karanga zilizosagwa laini, yai au mafuta, kidogo kidogo mara 6 hadi 8 kwa siku. Kama kwa siku nyingi amekuwa akipata vijiko vichache tu, asianzishiwe chakula kingi kwa mrija siku ya kwanza. Madini ya potasiamu, fosfeti na magneziamu hushuka ghafla kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Apewe kwanza vitamini B1, chakula kianze robo hadi nusu ya mahitaji na kipandishwe kwa siku kadhaa, damu ikipimwa. Kazi hii daktari wenu wa mkoa anaiweza kabisa, na ina thamani kuliko upasuaji ambao angeufanya mara moja kwa mwaka. Kama mzee anavuta sigara, aache leo. Wiki 4 bila moshi hupunguza nimonia. Atembee kila siku hadi aheme.

Mizigo ya safari: barua ya rufaa yenye tarehe ya dalili, uzito wa zamani na wa sasa, na dawa zote; ripoti ya kamera; ripoti ya maabara pamoja na vile vipande vya nta na vioo vyake, ili visomwe upya bila kuchukua kinyama kingine; na CD yenye picha zenyewe za CT-Scan. Karatasi ya majibu peke yake haitoshi, jopo hutazama picha. Mara nyingi mgonjwa husafiri siku nzima kisha anarudia vipimo vyote kwa sababu CD ilibaki kabatini.

Mkifika, ulizeni haya, na msikubali jibu la jumla jumla. Mwaka uliopita mliondoa umio wa wagonjwa wangapi? Wangapi walifariki ndani ya siku 90? Msiridhike na 30, kwa sababu mgonjwa anaweza kushikiliwa ICU hadi siku ya 40 akafariki nje ya hesabu. Wangapi walivuja mshono? Anayejibu kwamba hakuna aliyewahi kuvuja, ama amefanya wachache sana ama haandiki. Kesi yetu imepita kwenye jopo, na limeandika nini? Usiku na wikiendi, nani anapitisha kamera na nani anasoma CT-Scan? Kitanda cha ICU kimehifadhiwa kwa siku hiyo? Foleni ni ya wiki ngapi? Swali hili la mwisho ni zito. Kukusanya wagonjwa kwenye hospitali chache bila kuongeza vitanda na wataalamu huzaa foleni, na uvimbe unaendelea kukua wakati mnasubiri. Mkiambiwa miezi mitatu hata kuanza mionzi, ombeni rufaa ya hospitali nyingine siku hiyo hiyo.

Mzee mwenyewe aulizwe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, wagonjwa 100 huko Marekani waliulizwa wangependa kupasuliwa kongosho wapi. Hatari ikiwa asilimia 3 kote, wote walichagua kwao. Hatari ya kwao ilipoelezwa kuwa 6, wagonjwa 45 bado walichagua kwao. Kutaka kubaki karibu na watu wako si ujinga, na mtu mzima ana haki ya kuuchukua uamuzi huo akiwa ameelezwa namba. Kinachoniuma ni familia kumficha mgonjwa ugonjwa wake, zikamsafirisha kwenda kufunguliwa kifua akiamini ni vidonda vya tumbo. Mtu huyo hawezi kukubali upasuaji, na baada yake hatajua kwa nini alazimike kukohoa na kusimama akiwa na maumivu.

Akipona akaruhusiwa, hapo hospitali ya mkoa inarudi kuwa mahali pake. Msiondoke bila karatasi inayoeleza upasuaji uliofanyika, mshono uko kifuani au shingoni, tezi ngapi zilitolewa na ngapi zilikuwa na saratani, kingo za kipande zilikuwa safi au la, na simu ya wodi inayopokelewa. Nyumbani atakula kidogo kidogo mara 6 kwa siku, bila kulala kwa saa 2 au 3 baada ya mlo, na kichwa cha kitanda kikiinuliwa maana mfuko wake sasa uko kifuani na hakuna tena kizuizi cha kurudisha chakula. Maji anywe kati ya milo. Akitoka jasho na moyo kumwenda mbio muda mfupi baada ya chai yenye sukari nyingi au soda, avipunguze hivyo. Wiki au miezi baadaye chakula kikianza tena kukwama, mara nyingi ni kovu la mshono, na hutanuliwa kwa kamera. Ila lazima kinyama kichukuliwe kama kuna shaka. Homa, kuhema, maumivu mapya ya kifua au kushindwa kumeza hata maji, arudi hospitali siku hiyo, na daktari wa mkoa ampigie simu aliyempasua kabla ya kumpa dawa za wiki moja na kumrudisha.

Kwa hiyo kesho: mzani, kipimo cha damu chenye potasiamu na fosfeti, na ombi kwa daktari wenu aandike barua ya rufaa na kupiga simu kuulizia siku ambayo jopo hukaa. Mkijua siku hiyo ndipo mkate tiketi.